Viza Imeondolewa, Idhini Imebaki: Muulize Mgeni Wako Mapema

ELIMU KWA UMMA

Wakaazi wengi wa Lamu wamesikia kwamba Kenya haidai viza tena. Habari hiyo ni kweli, lakini haijakamilika. Januari 2024 viza iliondolewa kwa wageni wa nchi zote, na mahali pake pakawekwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki, maarufu kama eTA. Mgeni huiomba mtandaoni na kuipata kabla ya kuanza safari.

Kwa nini jambo hili latuhusu?

Mgeni anayeshuka Manda kutoka Nairobi, au anayevuka kwa boti kutoka Mokowe, huwa ameshaingia nchini. Asiye na idhini hukwama mbali, kwenye uwanja wa ndege wa nchi anakotoka, kwa sababu shirika la ndege huiulizia kabla ya kumpandisha. Sisi huku hupata habari tu kwamba hakuja: chumba Shela kimelala kitupu, nahodha amekosa abiria, au harusi imepita bila shangazi wa bwana harusi.

Nani anayeihitaji?

Kinachoangaliwa ni pasipoti, si asili ya mtu wala lugha yake.

• Raia wa Meksiko, Marekani, Uingereza, Omani na nchi za Ulaya wanaihitaji, ijapokuwa hawadaiwi viza.
• Raia wa Tanzania na Uganda hawaihitaji. Mwaka 2025 Serikali iliwaondolea sharti hili raia wa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya.
• Kila mtoto huombewa idhini yake mwenyewe, hata akiwa mchanga.

Jamaa zetu walio ng'ambo

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mzaliwa wa Lamu anayesafiri kwa pasipoti ya Uingereza au Omani huhesabiwa kuwa mgeni, hata kama nyumba ya babake iko Langoni. Akiwa na pasipoti ya Kenya ambayo haijaisha muda, haitaji idhini. Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine pia, na aliyepoteza uraia wake zamani anaweza kuomba arejeshewe. Mambo hayo huchukua muda, hivyo yasingojee wiki ya safari.

Jinsi ya kuomba

Tovuti rasmi ya Serikali ni www.etakenya.go.ke. Mwombaji atayarishe:

1. Pasipoti yenye angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda, kuanzia siku ya kuwasili.
2. Picha yake ya hivi karibuni.
3. Maelezo ya safari na uthibitisho wa mahali atakapofikia.
4. Ada ya kawaida ya dola 30 za Marekani.

Maombi yatumwe mapema, si chini ya siku 3 kabla ya safari. Ziko tovuti za watu binafsi zinazofanana na ile rasmi na kutoza pesa zaidi, basi mgeni asome anwani vizuri kabla ya kulipa.

Akumbuke pia kwamba idhini si ruhusa ya kufanya kazi, na afisa wa uhamiaji ndiye mwenye uamuzi wa mwisho mlangoni.

Wajibu wa mwenyeji

Mwenye nyumba ya wageni amtumie mgeni uthibitisho wa chumba mara tu anapoweka nafasi, pamoja na anwani ya tovuti rasmi. Familia inayongoja jamaa kwa harusi, au kwa Maulidi ya Mfungo Sita, iulize swali moja kabla tiketi haijakatwa: "Mwasafiri na pasipoti ya wapi, na watoto je?" Jibu likiwa si Kenya, hakikisheni kama nchi hiyo imesamehewa. Kama haikusamehewa, idhini iombwe kwanza.