Taka Si za Mtaroni
Kijitabu cha kaya na wanafunzi, Dar es Salaam

Kabla ya yote
Usitupe taka mtaroni.

Kwa nini mtaro
Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, maafisa afya tunarudi kwenye nyumba zile zile. Maji yamejaa sebuleni, choo kimefurika, mtoto anaharisha. Ukifuata mtaro mpaka pale maji yalipokwama, chini ya kalavati utakuta pampasi, chupa za maji, vifuu na mifuko ya rambo yenye maganda ya ndizi. Vyote vimetoka majumbani mwetu.

Kinachotuumiza zaidi ni tabia ya kuvizia mvua. Wingu likitanda tu, viroba vya taka vinatolewa na kumwagwa mtaroni ili maji yavibebe. Wengine hutapisha vyoo saa hiyo hiyo. Jamani, maji hayamalizi uchafu, yanaupeleka kwa jirani wa bondeni. Bonde la Msimbazi likifurika, kinyesi kinaingia visimani na kipindupindu kinapata njia. Mwaka 2015 kililipuka hapa Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi.

Mvua inanyesha? Usitupe taka mtaroni.

Jikoni
Pika kinachotosha. Maganda, machicha ya nazi na makombo ndiyo yanayojaza ndoo, kwa hiyo yatenge. Mwenye ua achimbe shimo mbali na kisima, afukie kwa udongo, apate mboji ya mchicha. Asiye na ua ampe jirani anayefuga. Sokoni nenda na kikapu; mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Chupa tupu zikusanye kwenye kiroba, wanunuzi wake wanapita mitaani.

Moto
Usichome plastiki: moshi wake ni sumu, na mtoto aliye mgongoni anauvuta.

Pampasi
Kinyesi kimwage chooni. Ikunje, ifunge, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha nawa mikono kwa sabuni. Usiitumbukize chooni. Usiitupe mtaroni, hata moja, hata usiku.

Makopo, vifuu na matairi
Yasituamishe maji. Mbu wa dengue hutaga humo, na huuma mchana wakati hamko ndani ya chandarua.

Wanafunzi
Mfuko wa barafu na kikaratasi cha ubuyu kaa navyo mpaka ufike kwenye pipa. Njoo na kikombe chako cha uji na chupa ya kujaza maji tena. Walimu, tunaomba sana: siku ya usafi watoto wasifagie taka mpaka mtaroni wakaziacha humo. Zizolewe.

Gari la taka lisipokuja
Hii ni kero ya kweli, na kosa si la mama wa nyumbani. Fungeni viroba, viwekeni juu, mbali na mbwa na kuku. Nendeni wengi kwa mwenyekiti wa mtaa, mmuulize ada mnayolipa inafanya nini. Lakini msitupe taka mtaroni.

Mtu akiharisha maji
Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, usingoje kukuche. Koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mnyweshe kidogo kidogo, mkimbize kituo cha afya. Njiani endelea kumnywesha.