UNAUZA LAIVU? USINUNUE INTANETI KWA KUSIKIA SIFA, PIMA HAPO HAPO DUKANI KWAKO

Leo tuongee jambo linalokula mtaji wa wengi kimya kimya: intaneti ya kufanyia video.

Mimi nauza madera na vitenge hapa Chamwino Ikulu. Wateja wangu wengi hawapiti dukani, wananiona kwenye simu. Naenda laivu, nanyanyua dera, nazungusha, mteja anasema "hilo la zambarau nitunzie", anatuma hela, namtumia mzigo kwa basi. Video ikiganda hapo katikati, ujue umempoteza. Mbaya zaidi ni pale anapolipia la bluu bahari kumbe lilikuwa kijani, kwa sababu picha ilikuwa na ukungu. Hapo ugomvi, kurudisha hela, nauli juu yako.

Kwa hiyo swali la "nichukue mtandao gani?" linaulizwa sana. Jibu langu ni moja: mtandao mzuri ni ule unaofanya vizuri pale unaposimama, saa ile unayouza. Sifa za mtu wa sehemu nyingine hazikusaidii.

Kuna dada wa hapa sokoni alikopa kwenye kikoba akanunua rauta na kifurushi cha mwezi, kwa sababu shemeji yake wa Area D, Dodoma mjini, aliusifia sana huo mtandao. Shemeji hakudanganya, kwake unakimbia kweli. Kwa dada huyu, fremu ya bati, mnara uko mbali, jioni video ikawa inagandaganda. Marejesho ya kikoba hayajali kama laivu ilikata. Twende hatua kwa hatua yasikukute.

1. JUA VIDEO INAHITAJI SPIDI GANI

Spidi inahesabiwa kwa Mbps. YouTube wenyewe wanasema kuangalia video ya 360p kunahitaji 0.7 Mbps, 480p ni 1.1, 720p ni 2.5, 1080p ni 5, na 4K ni 20. Dera huhitaji 4K! 720p ikitulia inatosha kabisa mteja kuona rangi na mshono.

Mimi nashika kanuni hii: spidi iwe angalau mara mbili ya kile video inachohitaji, maana spidi inapanda na kushuka. Ukitaka 720p bila presha, tafuta 5 Mbps zinazotulia. Bora 5 zilizotulia kuliko 30 za dakika mbili halafu kimya.

2. MUUZAJI ANAANGALIA SPIDI YA KUPANDISHA

Hapa ndo wengi wanapigwa. Intaneti ina spidi mbili: ya kushusha (unapoangalia muvi au mpira) na ya kupandisha (unapotuma video yako kwenda kwa watu). Matangazo mengi yanasifia ya kushusha. Ukienda laivu, au ukipiga simu ya video na mteja, unategemea ya kupandisha, na mara nyingi hiyo ni ndogo zaidi.

Ukipima kwa programu ya Speedtest utaona namba mbili. Yenye mshale unaoshuka ni ya kushusha, yenye mshale unaopanda ni ya kupandisha. Andika zote, ila amua kwa ile inayopanda.

3. PIMA SIKU SABA KABLA YA KUTOA HELA KUBWA

Usianze na rauta. Anza na laini. Vodacom, Airtel, Yas (zamani Tigo), Halotel, TTCL: azima simu ya jirani mwenye laini hiyo au weka bando dogo la siku. Kaa pale pale unapofanyia laivu, pima mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na saa 2 usiku. Andika kwenye daftari lile lile la mauzo.

Saa 2 usiku ni muhimu kwa sababu watu wamerudi nyumbani, kila mtu yuko mtandaoni, na mnara mmoja unagawana. Mtandao unaoonekana mfalme saa 4 asubuhi unaweza kuwa hoi saa 2 usiku. Na wateja wako wako hewani saa ngapi? Usiku huo huo.

Siku mbili za mwisho fanya laivu ya majaribio ya nusu saa, mtu wako wa mbali aangalie. Akwambie imeganda mara ngapi.

4. BATI NA KONTENA VINAKULA MAWIMBI

Chuma kinazuia mawimbi ya simu. Fremu ya bati au kontena inaweza kukufanya ulaumu mtandao usio na kosa. Pima ndani, kisha pima mlangoni. Tofauti ikiwa kubwa, dawa ni kusogeza rauta dirishani upande wa mnara, siyo kubadili kampuni.

Kama uko ndani zaidi, Mvumi, Mpwayungu au Haneti, usijisumbue na maneno ya 5G kabla hujaona imewaka kwenye simu yako. 4G iliyotulia inabeba laivu vizuri tu.

5. PIGA HESABU YA BANDO KAMA UNAVYOPIGA YA MZIGO

Video ya 2.5 Mbps kwa saa moja inakula kama GB 1.1. Ukienda laivu saa moja mara nne kwa wiki, kwa mwezi ni karibu GB 18. Ongeza za WhatsApp na kuangalia wenzako, weka GB 25. Sasa chukua bei ya kila kampuni, gawa kwa GB, linganisha. Kisha jiulize: hii ni faida ya madera mangapi? Kama intaneti inakula faida ya madera kumi na laivu zinauza kumi na mbili, punguza laivu au punguza ubora wa picha.

Ukiambiwa "bila kikomo", uliza swali moja: nikitumia GB ngapi mnanipunguzia spidi? Vifurushi vingi vya aina hiyo vina kiwango, ukikivuka spidi inashushwa.

Kama faiba inapita mtaani kwako, ulizia. Inatulia kuliko mawimbi. Ila uliza mapema gharama ya kufungiwa, na nani anakuja ikikatika. Na anayekuuzia vifaa vya setilaiti toka nchi jirani, kwanza uliza TCRA kama huduma hiyo ina leseni hapa kwetu.

6. KUWA NA NJIA YA PILI

Laini ya pili ya kampuni nyingine, bando dogo, inakaa tayari kwenye simu. Umeme ukikatika rauta inazima, kwa hiyo pawabenki au betri ndogo ya rauta ni sehemu ya mtaji.

Ila kumbuka tarehe 12 Mei 2024: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo hata laini mbili zinaweza zisikuokoe. Ndo maana mimi nakaa na video fupi fupi za kila mzigo kwenye simu. Mtandao ukirudi natuma, mauzo yanaendelea.

7. UKICHOKA, HAMA

Tangu 2017 unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo usiogope wateja kukupoteza. Kabla ya kuhama toa hela yako yote kwenye simu na lipa madeni ya mikopo ya simu. Una malalamiko? Anza na kampuni yenyewe, uandikiwe namba ya lalamiko. Wasipokusikiliza, nenda TCRA.

Kwa kifupi: laini kwanza, daftari siku saba, saa 2 usiku, spidi ya kupandisha, ndipo rauta. Ukipima wiki hii, tuandikie uko kijiji gani na mtandao gani umetulia usiku. Mwenzako wa jirani anaweza kuokoa hela ya kikoba kwa hilo tu.

Biashara njema.