Swichi moja, sauti saba: gitaa la baba na nyaya zake



Somo la wiki hii limeletwa na kijana wa darasa la wakubwa hapa Fort Worth. Alikuja na gitaa la umeme la baba yake, aina ya Stratocaster, ambalo baba alilipigia bendi ya dansi Dar es Salaam kabla ya kuhamia Texas. Kijana alitaka kubadilisha nyaya zake ili apate sauti zaidi. Baba akamjibu: "Nieleze utakachofanya, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Na usitoboe hata tundu moja." Basi nawe soma kama mtu atakayekwenda kumweleza baba.

Tuanze na neno lenye matata. Kile kidude kilicho chini ya nyuzi, kinachonasa mtetemo, wapigaji hukiita pikapu. Ukilitaja neno hilo kwa bibi yako Tanga, atafikiria gari la kubebea mzigo. Ukilitaja kwa jirani yako Houston, naye atafikiria gari lilelile! Hapa tunasema pikapu ya gitaa. Ndani yake mna sumaku, na koili ya waya wa shaba, mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa kwenye koili, nao huenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana gitaa la nyuzi za nailoni halifai kwa pikapu ya namna hii.

Sarufi kidogo hapo: uzi umekatika, nyuzi zimekatika, waya umekatika, nyaya zimekatika. Lakini gitaa limeharibika, magitaa yameharibika.

Stratocaster ina pikapu tatu: ya shingoni, ya katikati na ya darajani, pale nyuzi zinapoishia chini. Ilianza kuuzwa mwaka 1954, mwaka uleule alipozaliwa Stevie Ray Vaughan wa Oak Cliff, Dallas, ambaye baadaye aliipatia sifa kubwa. Swichi yake ya kwanza ilikuwa na nafasi tatu tu, moja kwa kila pikapu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiikwamisha swichi kati ya nafasi mbili, pikapu mbili hulia pamoja, na sauti inapendeza. Wakaikwamisha makusudi kwa miaka mingi. Mwaka 1977 kampuni ya Fender ikaanza kuweka swichi ya nafasi tano.

Sasa fanya hesabu. Pikapu ni tatu, na kila moja ama inalia ama imenyamaza. 2 × 2 × 2 ni 8. Toa ile hali ambapo zote zimenyamaza, zinabaki 7. Swichi inatoa 5. Mbili zilizofichika ni shingoni pamoja na darajani, na zote tatu kwa mpigo.

Kijana alitaka hasa ile ya kwanza, na ninamwelewa. Katika bendi zetu kuna gitaa la solo, gitaa la rithimu, na gitaa zito, yaani besi. Sikilizeni "Sina Makosa" ya Les Wanyika wa Nairobi: magitaa yanapokezana, hakuna linalomkanyaga mwenzake. Mpiga rithimu anahitaji sauti nyepesi inayosikika bila kuingia kwenye nafasi ya besi. Pikapu ya shingoni peke yake ni nene, ya darajani peke yake ni kali. Zikilia pamoja, sauti inang'aa kama kengele ndogo. (Zote tatu kwa mpigo? Mimi sikuona tofauti kubwa, ila kijana anaipenda.)

Kazi yenyewe ni hii. Chomoa kebo ya gitaa. Legeza nyuzi, fungua skrubu za bamba la mbele, kisha piga picha ya kila waya kabla hujagusa kitu. Kitufe cha toni cha chini unakitoa, unaweka kingine cha kiloomu 250 ambacho pia huvutwa juu, kwa kuwa kina swichi chini yake. Kinakaa kwenye tundu lilelile. Hamisha nyaya zote za kitufe cha zamani kwenye kipya. Halafu unganisha nyaya mbili kwenye ile swichi yake: mmoja unatoka pale pikapu ya shingoni inapoingia kwenye swichi kuu, mwingine unakwenda pale swichi kuu inapopeleka umeme kwenye kitufe cha sauti. Ukikivuta, pikapu ya shingoni inalia popote swichi kuu ilipo. Kitufe cha zamani kiwekwe kwenye mfuko ndani ya kasha la gitaa, ili siku baba akitaka, kila kitu kirudi kama kilivyokuwa.

Hapo ndipo kijana alipomchekesha baba yake. Alitaka kusema "nimeunga waya", akasema "nimeungua waya". Kuunga ni kushikanisha. Kuungua ni kupatwa na moto. Chuma cha kulehemu hufikia nyuzi joto 350 za Selsiasi, kwa hiyo yote mawili yanawezekana! Vaa miwani, fungua dirisha, nawa mikono ukimaliza, na mtu mzima awepo. Amplifaya usiifungue kamwe. Hata ikiwa imechomolewa, inaweza kubaki na umeme wa kuua.

Ukimaliza, chomeka kebo na ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi. Ikiwa shingoni na darajani pamoja zinatoa sauti nyembamba isiyo na besi, koili zinapingana: badilishana nyaya mbili za pikapu moja. Mvumo mdogo utausikia pia, maana koili hunasa umeme wa nyumba. Texas umeme huo hupiga mara 60 kwa sekunde, Dar es Salaam mara 50. Mvumo wa kule ni mzito kidogo, karibu na noti ya G. Baba aliutambua mara moja: "Hili linavuma kimarekani."

Kisha akakivuta kitufe, akapiga, akakirudisha, akakivuta tena. Kijana anasema hakurudishiwa gitaa mpaka saa nne usiku.

Zoezi la Jumamosi: mweleze mzazi wako, kwa mdomo, kwa nini sauti ni saba na si nane. Kisha tunga sentensi mbili, moja yenye "kuunga" na nyingine yenye "kuungua". Wazazi, mkiwa na gitaa la zamani nyumbani, lileteni.