Tairi linalokwisha upande mmoja

Swali: Msomaji wa Kipushi ana gari dogo la mitumba kutoka Japani. Matairi ya mbele, aliyonunua yakiwa yametumika, yamelika ukingo wa ndani kabla ya mwaka kwisha, na moja limepasuka akielekea Lubumbashi. Je, ni barabara?

Jibu: Barabara ina lawama yake, lakini si yote. Tairi lenye upepo mdogo hulika kingo zote mbili. Lenye upepo mwingi hulika katikati. Likilika ukingo mmoja tu, magurudumu hayako sambamba, mara nyingi kwa sababu ya shimo lililopindisha fimbo ya usukani. Kununua jipya kabla ya kurekebisha hilo ni kutupa pesa.

Kupasuka ni habari nyingine. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja kila mzunguko, hupata joto na nyuzi za ndani huachana. Mzigo huzidisha joto hilo.

Atazame pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3214 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014. Kashata nzuri, yaani meno ya tairi, haifichi mpira mkavu wenye nyufa.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa dereva, si kwa teke la kwado, fundi wa tairi.