SOMO LETU: KUPIGANA AU KUKIMBIA? Tunachoweza kujifunza katika mchezo mmoja wa video



Wazazi wengi wanalalamika kwamba watoto wanamaliza faranga zao katika nyumba za video, na kwamba michezo ya huko ni ya kuuana tu. Malalamiko hayo yana sababu. Lakini kabla ya kukataza au kuruhusu, inafaa kujua mchezo wenyewe unamfundisha nini mtoto. Leo tutachukua mchezo mmoja unaoitwa Mirror's Edge, hasa toleo lake la pili. Waliouunda walikabiliana na swali ambalo familia nyingi hapa zinalijua vizuri: mtu akikutana na mwenye silaha, apigane au akimbie?

Lengo la somo: Baada ya kusoma, uweze kuutazama mchezo wowote wa mtoto wako na kuuliza: kanuni zake zinamzawadia nani, anayepiga au anayejiokoa?

1. Mchezo huu ni nini?

Mirror's Edge ulitengenezwa na kampuni ya DICE ya mjini Stockholm, nchini Sweden, na ukauzwa na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 2008. Katika michezo mingi ya kukimbia na kuruka, mchezaji anamwona mhusika wake kwa nyuma. Katika huu anaona kwa macho ya mhusika mwenyewe: mikono ikishika ukuta, miguu ikiruka kutoka paa hadi paa, na barabara ikiwa mbali sana chini.

Mhusika huyo ni msichana anayeitwa Faith Connors. Anaishi katika mji safi na unaong'aa, lakini wakubwa wa mji wanachunguza mawasiliano yote ya raia. Kwa hiyo wako watu wanaobeba barua na vifurushi kwa siri, wakipita juu ya mapaa. Wanaitwa wakimbiaji. Kwa Kiswahili, mkimbiaji na mkimbizi ni maneno ya shina moja. Mmoja anakimbia kwa kazi, mwingine kwa kulazimishwa, lakini wote wawili wanajua kwamba miguu inaweza kuokoa maisha.

Mwendo wa Faith unafuata mazoezi ya kweli yanayoitwa parkuri. Mazoezi hayo yalikua Ufaransa, katika mji mdogo wa Lisses karibu na Paris, kupitia kijana David Belle na wenzake. Baba yake, Raymond Belle, alikuwa mzimamoto wa Paris. Shabaha ya parkuri ni kuvuka vizuizi haraka, ili kutoroka hatari au kumfikia mtu anayehitaji msaada. Haikuanzishwa kwa ajili ya kumpiga mtu.

2. Matata ya toleo la kwanza

Katika toleo la kwanza, Faith aliweza kumnyang'anya mlinzi bunduki na kuitumia. Watengenezaji hawakutaka hilo liwe jambo la kawaida, kwa hiyo waliweka mipaka. Bunduki nzito ilimpunguzia mwendo. Risasi zikiisha, hakuweza kuongeza nyingine, ilibidi aitupe. Tena mchezaji aliyemaliza mchezo wote bila kumpiga adui risasi alipewa tuzo maalumu.

Hata hivyo mizani haikukaa sawa. Kukimbia kunataka mwendo, na bunduki inataka usimame ulenge shabaha. Mambo hayo mawili yanavutana. Mahali ambapo walinzi walikuwa wengi na njia ya kutorokea haionekani vizuri, mchezaji alishawishika kuwaondoa walinzi kwanza, kisha atafute njia kwa utulivu. Waandishi wengi waliouchambua mchezo walisifu mbio zake, lakini wakasema mapigano yake ni dhaifu.

3. Toleo la pili lilibadilisha nini?

Toleo la pili linaitwa Mirror's Edge Catalyst, na lilitoka Juni 2016. Linaanza upya hadithi ya Faith, katika mji ulio wazi unaoitwa Glass, ambapo mchezaji anaweza kuzunguka atakavyo. Safari hii watengenezaji walichukua hatua tatu:

Hatua ya kwanza: Waliondoa bunduki mikononi mwa Faith. Baadhi ya walinzi bado wanazo, lakini yeye hawezi kuzitumia hata kidogo. Swali la kupiga risasi likaisha.

Hatua ya pili: Walimpa kinga inayotokana na mwendo. Faith akikimbia bila kusimama, kinga inajengeka, na maadamu ipo risasi zinamkosa. Akisimama au akijikwaa, anaanza kuipoteza. Kwa njia hiyo mbio zenyewe zikawa ulinzi. Mchezaji hakuhitaji kuhubiriwa kwamba kukimbia ni bora. Aliligundua mwenyewe.

Hatua ya tatu: Waliunganisha pigo na mwendo. Faith anaweza kumpiga mlinzi teke akitoka kukimbia ukutani, akiteleza chini au akiruka kutoka juu. Mlinzi anaondoka njiani, na Faith anaendelea bila kupoteza kasi. Mapigano ya kusimama bado yapo, ya ngumi na mateke, na anaweza kumsukuma adui mmoja amwangukie mwenzake. Lakini anayesimama kupigana anazingirwa upesi.

Tuone vizuri kilichofanyika. Katika hatua hizi hawakumwandikia mchezaji maneno ya kumwonya. Waligeuza faida: kilichokuwa kigumu kikawa chepesi, na kilichokuwa chepesi kikawa kigumu.

4. Mahali mizani ilipoyumba tena

Kazi haikukamilika. Katika baadhi ya sehemu za Catalyst, njia inafungwa mpaka mchezaji awashinde walinzi wote waliopo. Mtu aliyefundishwa kwa saa nyingi kwamba asisimame, sasa analazimishwa kusimama. Wachambuzi wengi walilalamikia jambo hilo.

Tena ujuzi fulani wa mwili, kama vile kugeuka nyuma kwa haraka, haukutolewa mwanzoni. Mchezaji alitakiwa kwanza kukusanya alama ndipo aupate. Hivyo mchezo unaosifu mbio ulianza kwa kuwafunga miguu wale wanaozipenda.

Kosa la hapo si la ufundi peke yake. Mchezo ulisema jambo moja na kudai jingine. Vijana wanaona haraka sana tofauti kati ya maneno na kanuni, na mara nyingi wanafuata kanuni.

5. Onyo kwa wazazi: mchezo si maisha

Hapa tunaomba usikivu. Kinga ya Faith haipo duniani. Mtoto aliyezoea kuona risasi zikimkosa anayekimbia anaweza kudhani kwamba hata kwetu ni hivyo. Mwambieni waziwazi:

- Milio ya risasi ikisikika karibu, usikimbie mahali pa wazi. Lala chini kwanza. Kama unaweza, jivute hadi nyuma ya kitu kigumu, kama ukuta mnene, na ukae mbali na madirisha.
- Usitoke kuangalia kinachoendelea. Subiri milio iishe, na ufuate maelekezo ya mtu mzima.
- Usijaribu kuruka mapaa. Hata wanaofanya parkuri wanaanza chini, kwa kujifunza kutua na kujiviringisha, na wanarudia zoezi moja kwa muda mrefu.

Kukimbia mapema, kabla vita havijafika, kunaokoa. Kukimbia katikati ya risasi ni jambo jingine. Tofauti hiyo mchezo hauwezi kumfundisha mtoto. Ni ninyi wazazi mtakaomfundisha.

6. Funzo kwa viongozi

Wazee wetu walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kijana aliyeacha ugomvi akaenda zake hakushindwa. Lakini je, sisi tunampa faida gani?

Tuangalie mifano. Kwenye bomba la maji, ikiwa anayesukuma wenzake ndiye anayejaza bidoni kwanza, basi kanuni yetu ni kusukuma, hata kama tumebandika tangazo la kuomba utulivu. Katika baraza, ikiwa watu wawili wenye ugomvi wa shamba wanakuja kwa upole na kuambiwa warudi wiki ijayo, lakini waliokuja na mapanga wanasikilizwa siku ile ile, tumewafundisha wote kwamba panga linafungua mlango. Na ikiwa kijana anayerudi kutoka kundi la silaha anapata mafunzo ya kazi, lakini jirani yake aliyekataa kujiunga hapati kitu, huyo wa pili atajiuliza maswali, na ana haki ya kujiuliza.

Watengenezaji wa Catalyst walifaulu pale walipofanya njia ya kutopigana kuwa njia yenye faida ya kweli. Walikosea pale walipoifunga. Kiongozi naye ajiulize: katika mtaa wangu, nani amefungiwa njia mpaka apigane?

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Watoto wetu wanacheza michezo gani ya video? Waombeni wawaeleze: mchezaji anapata alama kwa kufanya nini?
2. Katika michezo hiyo, je, kuna njia ya kushinda bila kumuua mtu? Kama ipo, ni nyepesi au ngumu?
3. Tajeni kanuni moja ya kambi au ya mtaa inayomzawadia mwenye fujo. Inaweza kubadilishwa namna gani, na nani anayeweza kuibadilisha?
4. Je, watoto wote nyumbani wanajua la kufanya wakisikia risasi? Fanyeni zoezi pamoja leo, kabla ya kulala.

Kiongozi wa kikundi aandike majibu ya swali la tatu na kuyapeleka kwenye mkutano ujao wa kamati. Tafadhali wapeni vijana nafasi ya kusema kwanza. Katika somo hili wao ndio wanaojua mengi.