Maleba na Kisasili katika Filamu ya "La Belle et la Bête" ya Jean Cocteau

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa ngano zilizohamishiwa jukwaani au kwenye filamu, maleba mara nyingi huhesabiwa kuwa pambo, na mhakiki hushughulikia mazungumzo peke yake. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kuchunguza filamu ya "La Belle et la Bête", yaani Mrembo na Mnyama, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1946. Hoja ya msingi ni kwamba humo maleba ndiyo yanayobeba kisasili, na asiyeyasoma hawezi kuuelewa mwisho wake.

Ngano hiyo ilichapishwa na Bi. de Villeneuve mwaka 1740, kisha ikafupishwa na Bi. Leprince de Beaumont mwaka 1756. Chimbuko lake huhusishwa na kisa cha Psyche katika kitabu cha Apuleius cha karne ya 2: binti mzuri, dada wenye wivu, watumishi wasioonekana na mume asiyeruhusiwa kutazamwa. Hata humo mavazi si jambo dogo, kwani utabiri unaamuru Psyche apelekwe mlimani akiwa amepambwa kwa harusi iliyo pia mazishi.

2.0 Maleba kama Usemi

Maleba yalibuniwa na Christian Bérard. Nyumba ya mfanyabiashara inafuata michoro ya Kiholanzi ya karne ya 17, hasa ya Vermeer, na humo Belle huvaa nguo sahili. Mnyama anapombeba kuvuka kizingiti cha chumba katika kasri, nguo hizo zinageuka papo hapo kuwa za kifalme. Belle amezimia, hajaposwa wala hajakubali. Vazi limemwoza kabla ya ulimi wake.

Mnyama naye amevikwa ukosi mpana na vito vya bwana mkubwa juu ya mwili wenye manyoya. Arudipo kutoka mawindoni mikono yake inafuka moshi na nguo zina damu. Vazi linadai ubwana, damu inaukanusha. (Neno "bête" lina maana ya mnyama na pia ya mjinga, tena ni la jinsia ya kike ingawa anayetajwa ni dume. Mfasiri wa Kiswahili, akiwa na upatanisho wa a-/wa- tu kwa viumbe hai, hana budi kuupoteza mvutano huo.)

3.0 Diana badala ya Venus

Kwa Apuleius, adui ni Venus, mama mkwe mwenye kijicho. Cocteau anamleta Diana. Avenant, mchumba asiyekuwamo katika matini ya Beaumont, anavunja paa la kioo la banda la mungu huyo; sanamu inamfuma mshale, naye anageuka mnyama, huku Mnyama akigeuka Mwanamfalme mwenye uso wa Avenant. Jean Marais aliigiza wote watatu. Hapa kisa cha Psyche hakitoshi. Kinachohitajika ni kile cha Actaeon, mwindaji aliyegeuzwa paa kwa kumwona Diana akioga: aingiaye pasipo idhini huvishwa ngozi.

Ndiyo maana Belle anasitasita mbele ya Mwanamfalme, na kusema kuwa itambidi azoee. Uso ni wa yule ambaye posa yake aliikataa. Kilichobadilika ni nguo.