Grisi Kabla ya Safari

Miaka ile meli Liemba ilipokuwa ikitia nanga Kasanga, tulitoka Katandala alfajiri kwa baiskeli, tukapitia Matai, mwendo wa kilometa 110 hivi. Asubuhi mwenzetu aliona kutu katika waya wa breki, akasema, “Ndugu, itatufikisha.” Lakini Sumbawanga ni juu kuliko ziwa kwa mita kama 1,000. Katika mteremko wa mwisho waya ukakatika, akajiangusha majanini asitumbukie korongoni.

Jioni tulifika Kasanga, na usiku tukaipanda meli kwenda kaskazini. Huko melini tuliyafikiri mambo yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikasafiri tena.

Basi twajifunza nini? Aonaye kutu asingoje mteremko. Tena, kazi ya fundi mwangalifu huonekana siku ya taabu. Kabla ya kufunga mzigo, vuta breki, tazama waya, paka mnyororo mafuta.